Bi Siwema na Jino la Takwimu

Ipo nchi moja yenye milima ya kiasi, mito ya kiasi na wizara za kutosha. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wananchi wake ni watu wenye haya na hawapendi kusemwa. Mwaka ule Wizara ya Afya ilipogawanywa ili kila kiungo cha mwili kipate waziri wake, ikazaliwa Wizara ya Kinywa, Tabasamu na Mwonekano wa Wazee. Ikapewa jengo la ghorofa nne, magari kumi na sita na kaulimbiu. Kaulimbiu yenyewe ilikuwa hii: Kila Mzee na Jino Lake.

Kamati ya kaulimbiu ilikaa wiki tatu katika hoteli yenye upepo mzuri. Inasemekana mjumbe mmoja alipendekeza waandike "meno", akaulizwa kama ana hakika nchi itayamudu. Wakaafikiana waanze na moja.

Bi Siwema binti Hamadi aliisikia kaulimbiu hiyo redioni akiwa anakoroga sukari. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, au sabini na sita kwa hesabu ya marehemu dada yake, na kwa muda wa miaka arobaini alikuwa akipika kashata za karanga na za nazi katika mtaa wa Kwa Fundi Saa. Kashata zake zilikatika kwa mlio na hazikunata vidoleni. Ufundi wake haukuwa wa siri. Kabla ya kukata sinia alichukua kipande cha pembeni, akakiuma, na jino likamwambia kama moto umetosha au bado.

Lakini meno yalikuwa yamemtoka moja moja, mengine kwa kuoza, mengine kwa kulegea tu mpaka siku moja yakabaki kwenye kipande cha muhogo. Sasa lilikuwa limebaki gego moja la chini, upande wa kulia. Na gego hilo lilikuwa limeanza kuuma.

Wiki ya kwanza lilimkera tu. Wiki ya pili likawa linapiga ndani ya taya tangu alfajiri, na maumivu yakipanda mpaka sikioni. Alisukutua maji ya chumvi. Akabana punje ya karafuu, akapaka mafuta ya karafuu, akafunga shavu kwa kanga. Shavu lilivimba hata jirani yake, Mzee Kingwaba, akawa anamsalimia kwa upande wa kushoto kwa heshima. Chakula chake kikawa uji mwepesi na mtori, tena vya vuguvugu, kwa kuwa cha moto kilimliza na cha baridi kilimliza zaidi. Mzee Kingwaba, ambaye alikuwa fundi cherehani kabla ya macho kumchoka, alikuwa amelipunguza gauni la Bi Siwema mara mbili katika mwezi mmoja.

"Nenda kituoni," akamwambia siku moja, akiwa bado na sindano mkononi. "Kimejengwa kwa ajili yetu. Nilikuwepo wakikata utepe."

"Wewe umekwenda?"

"Nilikwenda kuomba meno ya bandia. Nikaambiwa mimi si kibogoyo."

Bi Siwema akamtazama mdomoni. "Na jino moja huna."

"Nami nilisema hivyo hivyo. Wakanieleza kwamba neno kibogoyo limefutwa, linadhalilisha. Sasa mimi ni mwananchi mwenye fursa ya meno. Ila fomu ya kuombea meno bado imeandikwa 'kibogoyo', na kibogoyo hayupo tena nchini. Tunasubiri fomu mpya."

"Mimi siombi meno," Bi Siwema akasema. "Nataka hili moja litoke."

"Basi wewe shida yako ni ndogo," akasema Mzee Kingwaba, na wote wawili wakaamini hivyo.

*

Kituo cha Taifa cha Kinywa cha Wazee kilikuwa kimepakwa chokaa nyeupe ndani na nje, na ukutani palikuwa na picha ya Mheshimiwa Waziri akionyesha meno yake yote. Chini ya picha, kwenye meza ndogo, aliketi Bwana Chonge, Afisa Takwimu wa Meno. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, koti jeupe limepigwa pasi, tochi mfukoni na daftari kubwa mbele yake. Kila mzee aliyeingia alihesabiwa kwanza.

"Shikamoo, bibi. Fumbua kinywa."

Bi Siwema akaitikia marahaba kinywa kikiwa wazi, kwa hiyo ikatoka nusu.

Bwana Chonge alimulika kulia, akamulika kushoto, akazima tochi. Kisha akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu mpaka chini, na uso wake ukachanua.

"Bibi, unatoka Kwa Fundi Saa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mtaa wenu una wazee thelathini na mmoja. Nimeshawahesabu wote, ulikuwa umebaki wewe. Mpaka asubuhi hii tulikuwa na meno thelathini. Ishirini na mawili ni ya yule mzee aliyekuwa akifanya kazi posta, na manane yaliyobaki ni ya mchanganyiko." Akashusha sauti kwa furaha. "Lako ni la thelathini na moja. Wazee thelathini na mmoja, meno thelathini na moja. Kila mzee na jino lake, kwa wastani. Mtaa wenu ndio wa kwanza nchini kulifikia lengo."

"Linauma," akasema Bi Siwema.

Bwana Chonge akaangalia daftari kwa makini, ukurasa wa kushoto na wa kulia. "Kuuma hakuna safu yake, bibi."

"Basi nataka ling'olewe."

"Ling'olewe?" Kijana yule hakuwa na roho mbaya, alishtuka kweli. "Likitoka tutabaki na thelathini. Mtaa mzima utashuka."

"Daktari yupo?"

"Yupo. Daktari Lutengano. Yuko semina ya umuhimu wa daktari kuonana na mgonjwa. Huu ni mwezi wa saba tangu aende."

Bi Siwema akashika shavu, akafikiri kidogo, akaomba kuonana na mkubwa wa pale.

*

Mkurugenzi, Bwana Mshindo, alimpokea akiwa amelala nusu. Kiti alichokalia kilikuwa kirefu, cha ngozi ya kijani, chenye mahali pa kuegemeza kichwa na taa inayoning'inia juu. Pembeni palikuwa na bakuli jeupe ambamo alikuwa ameweka kalamu zake. Akakanyaga kitu chini, kiti kikapanda, na Bi Siwema, aliyekuwa amepewa kigoda, akajikuta anazungumza na soli za viatu.

"Mama yangu," Mkurugenzi akaanza, "nimearifiwa kuhusu jino lako. Napenda nichukue nafasi hii kukupongeza kwa niaba ya kituo, kwa niaba ya wizara, na kwa niaba yangu binafsi."

"Ahsante, baba. Linauma."

"Naam. Lakini tulitazame jambo hili kwa upana wake. Takwimu za mtaa wako zimetumwa wizarani kwa simu sasa hivi, wewe ukipanda ngazi. Mchana huu zitasomwa bungeni. Jino lililopigiwa makofi na Bunge haling'olewi hivi hivi. Kwa mujibu wa kanuni, jino likishaandikishwa linakuwa mali ya umma iliyohifadhiwa kinywani mwa mwananchi."

"Na maumivu yake?"

"Hayo yanabaki kuwa yako," Bwana Mshindo akasema kwa upole. "Serikali haiingilii mambo binafsi."

Akampa Cheti cha Utunzaji, chenye picha ya jino linalotabasamu, na akamwarifu kwamba Bwana Chonge atakuwa akipita kwake kila Jumatatu na Alhamisi kulikagua.

Bi Siwema akakikunja cheti. Alikuwa amekitazama kile kiti muda wote. Aliwahi kung'olewa jino zamani, katika hospitali ya misheni iliyofungwa, na alikumbuka alivyolazwa na kumulikwa.

"Baba, samahani. Hicho ulichokalia si kiti cha kutibia meno?"

"Hiki," akasema Mkurugenzi, akishuka taratibu mpaka macho yao yakakutana, "ni kiti cha ofisi kilichoboreshwa."

*

Jumatatu Bwana Chonge akaja, akamulika, akaandika "lipo". Alhamisi akaja tena, akaandika "lipo".

Katikati ya siku hizo Bi Siwema alijaribu kufanya kazi yake. Kashata za kwanza alizishusha mapema kwa woga, zikanata kwenye karatasi kama gundi. Za pili alizichelewesha, zikawa vigae. Alipeleka kipande mdomoni, gego likagusa, na maumivu yaliyompata yalimfanya ashike ukuta. Mteja mmoja, mama aliyekuwa akinunua kwake tangu akiwa msichana, alitafuna polepole akasema, "Leo zina ladha ya peke yake, Bi Siwema," akaacha nusu juu ya kibaraza akidhani haonekani. Bi Siwema alimwona. Siku hiyo aliketi jikoni mbele ya sinia ambalo hakulikata, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba huenda kazi yake imekwisha na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Jumatatu iliyofuata alikuwa na homa. Bwana Chonge alimulika, akaona ufizi ulivyofura na usaha unaochungulia, akaiweka kalamu chini. Akatoa mfukoni vidonge viwili vya maumivu vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Vya mama yangu," akasema. "Naye aliugua hivi hivi. Ila mtaa wake una ziada ya meno, akang'olewa hospitali ya mkoa, akapona."

"Niandikishe mtaa wa mama yako."

"Kuhama kuna fomu, bibi."

"Ipo?"

"Ilikuwa imeambatanishwa na ile ya vibogoyo."

Akakaa kidogo zaidi ya kawaida, koti lake jeupe likishika majivu ya jikoni. Alipoondoka, akaandika "lipo" kwa mwandiko mdogo.

*

Mwisho wa mwezi ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja Kwa Fundi Saa kuadhimisha kufikiwa kwa lengo, uwanjani mwa kituo, kilichokuwa pale pale mtaani. Bi Siwema akateuliwa kuwa Mzee wa Jino la Mfano. Kazi yake ilikuwa kukaa upande wa kulia wa Waziri na kumkabidhi kashata aliyoipika mwenyewe, ili Waziri aitafune mbele ya kamera na taifa lione kwamba wakubwa na wazee wanatafuna pamoja.

Kituo kikaingia kazini. Katika taarifa za wizara, kile kiti cha kijani kilikuwa kwenye chumba cha matibabu, kwa hiyo kikabebwa na watu sita kutoka ofisini kwa Mkurugenzi mpaka chumba hicho, kikafungwa, na kalamu zikatolewa kwenye bakuli. Maji yakaunganishwa. Makasha yaliyokuwa stoo tangu ufunguzi yakafunguliwa, vifaa vikachemshwa na kupangwa vikang'aa. Dawa zikaletwa. Daktari Lutengano akaitwa kutoka semina ili asimame karibu na kiti. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na alipoingia chumbani akazikuta koleo zake zimepangwa kwa ukubwa, alizigusa moja moja.

Bi Siwema alianza kupika alfajiri ya siku ya sherehe. Alipofika pale pa kuuma, akamwita Mzee Kingwaba, akakumbuka Mzee Kingwaba hana kitu mdomoni. Akamwomba Bwana Chonge, aliyekuwa amekuja kukagua kwa ajili ya sherehe.

Bwana Chonge akauma kona ndogo. "Nzuri," akasema, maana alikuwa mtumishi wa serikali na hakuwahi kutoa jibu jingine kuhusu kitu chochote kinachomhusu Waziri.

Akamwamini, kumbe moto ulikuwa umeshapita. Alipokata, kisu kilidunda. Mara moja akajitanda kanga akaenda mpaka kituoni, akamkuta Mkurugenzi anapima urefu wa zulia.

"Baba, zimepitiliza moto. Zitamuumiza mtu. Nipe saa mbili nipike nyingine."

"Haiwezekani, mama. Sampuli imeshapigwa picha. Na ratiba imechapishwa: saa nne na dakika kumi, Mheshimiwa anatafuna."

"Basi aipokee, asiile."

"Ratiba haikusema anapokea," akasema Bwana Mshindo.

*

Hotuba ya Mheshimiwa Waziri ilichukua saa moja na robo. Alieleza kwamba taifa linalotafuna ni taifa linalosonga mbele. Alieleza kwamba kabla ya wizara yake kuundwa, wazee walikuwa wakipoteza meno kiholela, bila utaratibu wala ufuatiliaji, lakini sasa hakuna jino linalotoka bila serikali kujua.

"Leo hii, ndugu wananchi, natembea kifua mbele kuwatangazia kwamba katika mtaa huu, kwa wastani, hakuna mzee asiye na jino."

Watu wakapiga makofi. Mzee Kingwaba naye alipiga, kisha akapitisha ulimi kwenye ufizi wake kuhakikisha.

Saa nne na dakika kumi Bi Siwema alisimama na sahani. Kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini alimwinamia Waziri akasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, ni ngumu. Ishike tu mkononi."

Waziri akatabasamu kwa kamera. "Mama anasema ni ngumu," akatangaza kwenye kipaza sauti. "Serikali hii haiogopi mambo magumu."

Akauma.

Mlio ulisikika mpaka viti vya nyuma. Wananchi, wakidhani ni kashata, wakashangilia. Waziri hakushangilia. Alibaki na tabasamu lile lile, ila machozi yakaanza kumtoka, na mkono ukapanda taratibu mpaka shavuni.

"Mheshimiwa anatafakari," akasema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti.

Waziri alikuwa amepasua gego, katikati, mpaka chini. Alipoweza kusema, alisema neno moja: "Daktari."

"Tumeshapiga simu, Mheshimiwa," Bwana Mshindo akajibu. "Ndege ya kwenda kutibiwa nje inaondoka Jumanne."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Waziri akamtazama Mkurugenzi kwa namna ambayo Bi Siwema aliielewa vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo.

Hapo Daktari Lutengano akapiga hatua mbele. "Mheshimiwa, kiti kipo humu ndani. Nina koleo, nina sindano ya ganzi, nina maji. Ni kazi ya dakika ishirini."

Wakamwongoza mpaka chumba cha matibabu, na nyuma yao wakaingia Mkurugenzi, Bwana Chonge na daftari lake, na Bi Siwema ambaye bado alikuwa na sahani. Wazee wengine wakajaa mlangoni na madirishani.

Waziri aliitazama sindano. "Hivi vifaa vimeshatumika?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Na kiti?"

"Kiti kimetumika sana," akasema daktari, akimwangalia Mkurugenzi, "ila si kwa meno."

Waziri akarudi nyuma nusu hatua. Akasema, kwa shida, kwamba katika mambo ya kitaifa ni desturi kuanza na majaribio. Akamtazama Bwana Mshindo. Bwana Mshindo akakumbuka ghafla kwamba meno yake ni mazima, akaanza kuyaeleza moja baada ya jingine.

"Mimi nitatangulia," akasema Bi Siwema.

Akaiweka sahani chini.

"Kwa ajili ya taifa," Mzee Kingwaba akaongeza kutoka dirishani. Hakuwa mtu wa siasa, lakini alijua wakati wa kushona.

Bwana Chonge akafungua daftari. Ilikuwa kazi yake kusema. "Mheshimiwa, hilo ni jino la thelathini na moja. Likitoka, mtaa..."

"Ng'oa," akasema Waziri. Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote tangu ateuliwe.

Bi Siwema akapanda kwenye kile kiti cha kijani. Ngozi yake ilikuwa bado na bonde la mgongo wa Mkurugenzi. Daktari alinawa mikono, akavuta taa, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Linakuuma tangu lini?"

Amehesabiwa, amepongezwa, amepewa cheti na kupigiwa makofi na Bunge, lakini katika kituo kile hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Daktari akasubiri, hakumharakisha. Kisha Bi Siwema akamweleza yote: wiki ile ya kwanza, karafuu, uji, sinia ambalo hakulikata. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Utasikia kama mdudu amekuuma, halafu basi."

Na ikawa hivyo. Ganzi ikatambaa, nusu ya uso wake ikawa kama ya mtu mwingine, na baada ya kusukumwa kidogo huku na huku gego likaachia. Usaha ukatoka, na pamoja nao ukatoka uzito aliokuwa ameubeba muda mrefu hata akausahau ni uzito. Daktari akalionyesha kwenye bakuli. Lilikuwa kitu kidogo, cha rangi ya chai, chenye mizizi miwili.

"Ndilo hili?" akauliza Bi Siwema kwa ulimi mzito. "Nilidhani ni kubwa."

Akashuka. Waziri akapanda. Kwa kadiri walioshuhudia wanavyoeleza, alipiga kelele kabla ya sindano kufika, lakini baada ya hapo alitulia, na gego lake likatoka vipande viwili.

*

Ilibaki hesabu. Bwana Chonge alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona na daftari magotini. Meno thelathini, wazee thelathini na mmoja. Mtaa umeanguka mbele ya Waziri mwenyewe. Alikuwa ameshafuta na kuandika mara tatu, kisha akainua kichwa polepole.

"Mheshimiwa," akasema, "samahani. Wewe una miaka mingapi?"

Waziri, akiwa na pamba mdomoni, akaonyesha vidole: sitini na mmoja.

"Kwa mujibu wa kanuni, mzee ni kuanzia sitini," akasema Bwana Chonge, na sauti yake ikaanza kupata nguvu. "Na mzee anahesabiwa katika mtaa alipotibiwa. Naomba umfumbue kinywa, daktari." Akamulika, akahesabu kwa kunong'ona. "Ishirini na saba. Wazee sasa ni thelathini na wawili. Meno ni hamsini na saba." Akasimama. "Mtaa una ziada ya meno ishirini na tano. Yanaweza kung'olewa bila kuathiri lengo."

Nje ya dirisha palikuwa na wazee waliokuwa wanasikiliza. Kabla Mkurugenzi hajapata neno la kufaa, foleni ilikuwa imeshafika kwenye zulia jekundu.

Siku hiyo Daktari Lutengano alifanya kazi mpaka jua likazama. Si wote waliokuwa na haja ya kung'olewa. Wengine alisafisha, wengine aliziba, mmoja alimwonyesha namna ya kupiga mswaki, akamwambia hilo ndilo alilokuwa akifanya vibaya tangu ujana. Aliyekuwa posta aliingia na meno ishirini na mawili akatoka nayo yote, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

Jumatatu asubuhi watu sita walikuja kukibeba kiti wakirudishe ofisini kwa Mkurugenzi. Daktari akawazuia mlangoni akawaonyesha faili. Juu yake palikuwa na jina la Mheshimiwa Waziri, na chini yake pameandikwa kwa mwandiko safi: Matibabu yanaendelea.

"Kanuni inasemaje kuhusu kifaa kinachotumika kumtibu Waziri?" akauliza.

Bwana Chonge, ambaye alizijua kanuni zote, akajibu kwamba hakiwezi kuondolewa chumbani mpaka faili lifungwe. Na faili anayelifunga ni daktari.

Bwana Mshindo akaletewa kiti cha mbao. Wanasema mgongo wake umenyooka sana.

Shavu la Bi Siwema lilirudi katika hali yake kwa siku nne. Siku ya tano alikula ndizi za kupika na samaki, akala tena, na Mzee Kingwaba akaanza kulifumua gauni lile lile alilolipunguza. Fomu mpya za meno hazikufika. Lakini Bwana Chonge alichukua rula na wino, akakaa nazo zile za zamani, akakata neno "kibogoyo" kwenye kila moja na kuandika juu yake "mwananchi mwenye fursa ya meno", fomu mia nne na kumi na mbili, bila kuambiwa na mtu. Mzee Kingwaba alipata meno ya juu na ya chini. Siku ya kwanza aliyoyavaa hakuzungumza kabisa, alikula karanga tu. Bi Siwema alipata ya kwake fizi zilipopoa. Ilimchukua wiki mbili na masinia matatu yaliyoharibika kuzoea, kwa kuwa meno mapya hayasikii moto kama ya zamani, lakini masikio yake yalikuwa mazima, akajifunza kuusikiliza mlio.

Miezi kumi na minne ilipita ndipo barua ya wizara ikaja. Bi Siwema alikuwa kituoni siku hiyo, amekuja kusuguliwa meno ya bandia yaliyokuwa yanamchubua kidogo. Daktari akaisoma kwa sauti. Wizara ilikumbusha kwamba Mheshimiwa alitibiwa siku moja, Jumamosi, na ikaomba kujua ni lini matibabu hayo yatakamilika ili kiti kirejeshwe kwa matumizi ya kiofisi.

Daktari akakaa na barua mkononi. Alikuwa hodari wa koleo, si wa barua. "Sasa hawa nitawajibu nini?"

"Andika," akasema Bi Siwema. Akatafakari, akakaa sawa kwenye kigoda. "Tunakiri kupokea barua yenu na tunaishukuru wizara kwa ufuatiliaji wake wa karibu. Napenda kuwaarifu kwamba shimo la jino la Mheshimiwa limeonyesha ushirikiano wa kuridhisha."

"Bibi, hilo shimo limeziba zamani."

"Sikusema halijaziba. Endelea. Hata hivyo, kwa kuzingatia hadhi ya kinywa chenyewe, kituo kimeona ni busara kuendelea kulitazama jambo hili kwa upana wake."

Daktari akaandika yote. Bwana Chonge akagonga muhuri mara mbili, mmoja mahali pake na mwingine kwa uhakika zaidi. Mlangoni akaingia bibi mmoja kutoka mtaa wa mbali, kanga imefungwa shavuni, anauliza kama hapa ndipo. Daktari akaibana barua chini ya chupa ya dawa ya kusukutulia, akaenda kunawa mikono.